Nukta nane kwenye duara: pale pembe, kuhesabu na uwezekano vinapokutana

Chora duara. Weka nukta nane juu ya mzingo wake, zikiachana kwa nafasi sawa, kama watu wanane waliolizunguka sinia la pilau. Sasa chagua nukta tatu bila kubagua, uziunganishe zifanye pembetatu. Kuna uwezekano gani kwamba pembetatu hiyo itakuwa na pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90 kamili?

Nimewapa swali hili wanafunzi wa kidato cha nne zaidi ya mara moja, na kila mara kalamu husimama. Kila kipande cha swali wanakijua. Watakuambia kwamba pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90. Wape mfuko wenye mipira mitano myekundu na mitatu ya bluu, watakupa uwezekano kabla hujamaliza kusoma swali. Ila hapa hawaoni mfuko uko wapi wala mipira ni ipi.

Sehemu ya lawama iko kwenye jinsi mada zilivyopangwa. Katika mtaala uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, duara lilifundishwa kidato cha tatu, uwezekano kidato cha nne, na mbinu za kupanga na kuchagua zikasubiri kidato cha tano na sita kwa wale wachache waliochukua hisabati ya juu. Kenya nako pembe za duara zilikaa kidato cha pili, na uwezekano ukaja kidato cha tatu. Kwa Tanzania kuna na suala la lugha: mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza kipenyo, mzingo na pembetatu kwa Kiswahili kwa miaka yote hiyo, kisha anafika sekondari vitu vilevile vinamrudia kwa majina ya Kiingereza. Wengi huikariri sentensi ya kanuni bila kuiona picha yake.

Kwa hiyo tulifungue swali hili polepole. Kila hatua itatudai jambo moja: ninahesabu nini, na kila kimoja nimekihesabu mara ngapi?

Pembe kwanza

Chukua nukta mbili za mzingo, A na B, na kitovu cha duara, O. Unganisha O na A, kisha O na B. Hapo umepata pembe kwenye kitovu. Sasa weka nukta P kwenye mzingo, ng'ambo ya kitovu, uiunganishe na A na B. Kanuni inasema pembe ya P ni nusu ya pembe ya O.

Kwa nini? Piga mstari kutoka P upite O, uendelee kidogo mbele hadi D. OP na OA zote ni nusu kipenyo, kwa hiyo zina urefu mmoja, na pembetatu OPA ni pembetatu pacha: pembe zake mbili za kitako ni sawa. Ziite x kila moja. Pembe ya nje, AOD, ni jumla ya hizo mbili, yaani 2x. Fanya vivyo hivyo upande wa B, utapata y na 2y. Jumlisha: pale P una x + y, pale O una 2x + 2y. Kama P imekaa pembeni kiasi kwamba mstari wake haupiti katikati ya A na B, utatoa badala ya kujumlisha, na jibu ni lilelile. Hakuna kingine kilichotumika zaidi ya ukweli kwamba nusu kipenyo zote za duara moja ni sawa. Uthibitisho huu una zaidi ya miaka 2,300. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliupanga akiwa Alexandria, Misri, miaka ipatayo 300 kabla ya Kristo.

Sasa vuta A na B mpaka AB iwe kipenyo. Pembe ya kitovu imenyooka, nyuzi 180, basi pembe ya P ni nyuzi 90, popote P itakapokaa. Na kinyume chake ni kweli pia: ukiona pembe mraba imekaa kwenye mzingo, upande unaoitazama ni lazima uwe kipenyo. Hili unaweza kulijaribu sasa hivi. Chukua sahani na karatasi ya daftari. Weka kona ya karatasi kwenye ukingo wa sahani, tia alama pale kingo mbili za karatasi zinapoukata ukingo wa sahani, kisha unganisha alama hizo. Umepata kipenyo. Sogeza kona mahali pengine, rudia. Vipenyo viwili vinapokatana ndipo kilipo kitovu, na hukuhitaji bikari.

Turudi kwenye nukta zetu nane. Kutoka nukta moja hadi jirani yake, kitovu kinaona nyuzi 360 ÷ 8 = 45. Nukta nyingine ya mzingo inayotazama pengo hilo huona nusu yake, nyuzi 22.5. Hapa pana faida kubwa ambayo wanafunzi wengi hawaishtukii: huhitaji tena kupima pembe, unahesabu hatua tu. Pembetatu yoyote utakayoichora inaligawa duara katika vipande vitatu, na hatua za vipande hivyo zinajumlika kuwa 8. Kila pembe ya pembetatu ni hatua za kipande inachokitazama, mara 22.5. Pembetatu yenye hatua 3, 3 na 2 ina pembe za nyuzi 67.5, 67.5 na 45. Jumlisha, ni 180.

Pembe mraba inatokea pale hatua zinapokuwa 4, kwa sababu 4 × 22.5 = 90. Kanuni ya duara imegeuka kuwa swali la kuhesabu.

Kuhesabu, na kugawanya kwa idadi ya marudio

Pembetatu ziko ngapi kwa jumla? Nukta ya kwanza ina njia 8 za kuchaguliwa, ya pili 7, ya tatu 6. Ukizidisha unapata 336. Lakini pembetatu ACF ndiyo hiyohiyo FAC, ndiyo CFA. Nukta tatu zinaweza kutajwa kwa mipangilio 6, kwa hiyo kila pembetatu imehesabiwa mara 6. Gawanya: 336 ÷ 6 = 56.

Wengi huteleza hapo, wakigawanya wasipotakiwa au wakiacha kugawanya inapotakiwa, kwa sababu wanachokumbuka ni herufi za kanuni badala ya sababu yake. Linganisha na kikundi cha watu wanane kinachomchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hesabu ni ileile, 8 × 7 × 6, ila sasa hugawanyi kitu. Asha akiwa mwenyekiti na Juma katibu, hicho ni kikundi kingine kabisa na pale Juma anapokuwa mwenyekiti na Asha katibu. Jibu linabaki 336. Kama kikundi kinachagua wajumbe watatu tu wasio na vyeo, jibu ni 56.

Sinia la pilau linatufundisha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Watu sita wakikaa kwenye benchi, wanaweza kupangwa kwa njia 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 720. Wahamishie kwenye sinia. Duara halina kichwa wala mkia: wote wakisogea nafasi moja kulia, kila mtu bado ana jirani yuleyule mkono wa kulia na yuleyule wa kushoto, na mpangilio ni ule ule. Kusogea huko kunaweza kufanyika kwa namna 6, kwa hiyo kila mpangilio ulihesabiwa mara 6. Zinabaki njia 120. Vitabu hukupa hii kama kanuni ya kukariri, kwamba kwenye duara unapunguza moja kabla ya kuzidisha. Ukielewa kwa nini, huna haja ya kuikariri.

Tena ukielewa, hutababaika swali likibadilishwa. Kama nafasi inayotazama mlango ni ya mgeni rasmi na watu wanajali nani ameikalia, duara limepata kichwa, na hesabu inarudi 720. Kama badala ya watu una shanga sita za rangi tofauti kwenye bangili, bangili unaweza kuigeuza chini juu, na mpangilio wa kulia ukawa wa kushoto. Kila mmoja umehesabiwa mara mbili zaidi, basi zinabaki 60. Herufi za neno KARIAKOO zinafuata njia hiyohiyo. Herufi nane zingepangwa kwa njia 40,320 kama zote zingekuwa tofauti, lakini K ziko mbili, A mbili na O mbili, na kubadilishana kwa zinazofanana hakuonekani kwa macho. Gawanya kwa 2 × 2 × 2, upate 5,040.

Sasa pembetatu zenye pembe mraba. Kila moja ina upande mmoja ambao ni kipenyo. Nukta nane zinatoa vipenyo vinne, na kila kipenyo kina nukta 6 zilizobaki za kuwa kona ya tatu: 4 × 6 = 24. Jiulize tena: kuna iliyohesabiwa mara mbili? Hapana, maana pembetatu haiwezi kuwa na pembe mraba mbili, kwa hiyo haiwezi kuwa na vipenyo viwili. Uwezekano ni 24 kati ya 56, yaani 3/7.

Kuna njia fupi zaidi, na mimi binafsi ndiyo ninayoipenda. Nukta tatu ulizochagua zinafanya jozi tatu. Chukua jozi yoyote: ukishaikamata nukta moja, mwenzake anaweza kuwa yeyote kati ya 7, na ni mmoja tu aliye mkabala naye. Uwezekano wa jozi hiyo kuwa kipenyo ni 1/7. Jozi ziko tatu, na mbili haziwezi kuwa vipenyo kwa pamoja, basi unajumlisha: 3/7. Njia hii inajibu swali kwa idadi yoyote ya nukta isiyo witiri, mradi ni nne au zaidi. Nukta 6 zitatoa 3/5. Nukta 4 zitatoa 3/3, yaani lazima itokee, na ukichora mraba ndani ya duara utaona kwamba hakuna pembetatu ya kona zake isiyo na pembe mraba.

Jibu linalovutia ambalo si sahihi

Mwanafunzi mmoja makini aliniletea jibu la 2/5. Alikuwa ameipenda mbinu ya hatua, akaorodhesha namna zote za kugawa 8 mara tatu: 1-1-6, 1-2-5, 1-3-4, 2-2-4, 2-3-3. Maumbo matano. Yenye 4 ndani yake ni mawili. Mbili ya tano.

Orodha yake haina dosari; hakuna umbo la sita. Kilichokosekana ni kuuliza kama maumbo hayo yana nafasi sawa ya kutokea. Umbo la 1-1-6 linaweza kukaa kwenye duara kwa namna 8, moja kwa kila nukta inayokuwa katikati ya jirani zake wawili. Umbo la 1-2-5 linakaa kwa namna 16, kwa sababu ukilizungushia kulia si sawa na ukilizungushia kushoto. Vivyo hivyo 1-3-4 ni 16, 2-2-4 ni 8 na 2-3-3 ni 8. Jumla, 56, kama tulivyotarajia. Yenye pembe mraba ni 16 + 8 = 24. Orodha yake ikipewa uzito wake inatoa 3/7, na inatuambia zaidi: pembetatu zenye pembe butu, yaani inayozidi nyuzi 90, ni 24, na zile ambazo pembe zake zote ni kali, yaani chini ya nyuzi 90, ni 8 tu.

Nilimwambia asione haya, kwa sababu kosa hilo limewahi kufanywa na mtu mkubwa. Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Hoja yake ilikuwa hivi: kichwa kikitokea mara ya kwanza, mchezo umekwisha, la sivyo, kinatokea mara ya pili, la sivyo, hakitokei kabisa. Matokeo matatu, mazuri mawili. Lakini tokeo la kwanza peke yake linabeba nusu ya uzito wote, na mengine mawili yanagawana nusu iliyobaki. Jibu sahihi ni 3/4.

Dawa ya kosa hilo ilikuwepo miaka 100 kabla. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, wanahisabati wawili wa Ufaransa, waliandikiana barua kuhusu wachezaji wawili wanaolazimika kuacha mchezo kabla haujaisha: pesa iliyowekwa igawanywe vipi kwa haki? Fermat alijifanya kwamba raundi zote zilizobaki zinachezwa hadi mwisho, hata zile ambazo mshindi angekuwa ameshajulikana. Inaonekana kazi ya bure, lakini kwa kufanya hivyo kila mfuatano wa matokeo unapata uzito sawa, na hapo ndipo kuhesabu kunapokuwa halali. Kwa sarafu zetu, irushe mara ya pili hata kama kichwa kimeshatokea: kichwa-kichwa, kichwa-nyuma, nyuma-kichwa, nyuma-nyuma. Matatu kati ya manne.

Duara lenyewe lilimpa Joseph Bertrand, mwanahisabati mwingine wa Ufaransa, mfano mkali kuliko yote, mwaka 1889. Chora ndani ya duara pembetatu sawa, ile ambayo pande zake zote zina urefu mmoja. Kisha chora mstari wowote unaounganisha nukta mbili za mzingo; tuuite kamba. Kuna uwezekano gani kwamba kamba itakuwa ndefu kuliko upande wa pembetatu?

Ukiishika ncha moja ya kamba na kuiacha nyingine iangukie popote kwenye mzingo, kamba ndefu ni zile zinazoangukia theluthi ya katikati: 1/3. Ukichagua nusu kipenyo, ukaweka nukta popote juu yake na kuchora kamba inayoikata kwa pembe mraba, kamba ni ndefu pale nukta inapokuwa karibu na kitovu kuliko nusu ya njia: 1/2. Na ukichagua nukta popote ndani ya duara iwe katikati ya kamba, inabidi iangukie ndani ya duara dogo lenye nusu ya nusu kipenyo, ambalo eneo lake ni robo ya lile kubwa: 1/4.

Majibu matatu, na hakuna lililokokotolewa vibaya. Neno "wowote" ndilo lenye tatizo, kwa sababu halikusema ni kitu gani chenye nafasi sawa: ncha, umbali au katikati ya kamba. Ndiyo maana mtihani mzuri husema "mpira unachotwa bila kuangalia, na mipira yote ina ukubwa sawa". Maneno hayo wengi huyaruka kama pambo, na mimi huwaambia wayapigie mstari kabla ya kitu kingine chochote.

Ya kujaribu mwenyewe

Tazama saa ya ukutani. Ina namba 12 kwenye mzingo. Chagua tatu bila kubagua na uhesabu pembetatu za kila aina. Utapata jumla ya 220: zenye pembe mraba 60, zenye pembe butu 120, zenye pembe kali tupu 40. Kwa zile butu, simama kwenye namba moja, geuka uelekeo wa mishale, na hakikisha nyingine mbili zinatoka katika namba tano zinazofuata. Halafu fanya kwa nukta 7. Kipenyo hakuna hata kimoja, basi pembe mraba hakuna, na 35 zote zinagawanyika kuwa butu 21 na kali 14. Ukiwa na uvumilivu, jaribu nukta 100. Pembe mraba zinakuwa adimu, 1/33 tu, na zenye pembe kali tupu zinakaribia robo ya zote.

La mwisho linahitaji karatasi kubwa. Weka nukta kwenye mzingo bila kuzisawazisha, unganisha kila moja na kila nyingine, uhesabu vipande vinavyopatikana ndani ya duara. Nukta 1 inatoa kipande 1. Nukta 2 zinatoa 2, nukta 3 zinatoa 4, nukta 4 zinatoa 8, nukta 5 zinatoa 16. Kila mtu darasani huwa ameshaandika 32 kwa nukta 6 kabla ya kuchora. Chora, ukihakikisha kamba tatu hazipiti mahali pamoja, na utahesabu 31.

Hujakosea. Duara tupu ni kipande 1. Kila kamba mpya inaongeza kipande kimoja kwa kuwepo kwake, na kimoja zaidi kwa kila kamba inayoikata njiani. Kwa hiyo vipande ni 1, jumlisha idadi ya kamba, jumlisha idadi ya makutano. Kamba inahitaji nukta 2 kati ya 6: ziko 15. Makutano yanahitaji nukta 4, na kila nukta nne zinatoa makutano mamoja tu, pale mistari miwili ya mshazari ya pembenne yao inapokatana: ni 15 pia. 1 + 15 + 15 = 31. Kwa nukta 7 unapaswa kupata 57. Chukua kalamu iliyochongwa vizuri, maana vipande vingine ni vidogo sana.